Kompyuta Kuukuu Inapokataa Mfumo Mpya

Jaribio la tatu liliposhindikana, nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mashine yangu imefika mwisho wa safari. Ilikuwa kompyuta mpakato iliyotengenezwa mwaka 2012, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Ilianza maisha na Windows 7, ikapandishwa hadi Windows 10, na sasa nilitaka kuitoa kwenye toleo la 1909 niifikishe kwenye 22H2, ambalo ndilo toleo la mwisho la Windows 10. Asilimia zilipanda kwa kusuasua, mashine ikajizima na kujiwasha, kisha likatokea andiko kwamba mabadiliko yanaondolewa, na baada ya nusu saa nilikuwa mbele ya skrini ile ile niliyoiacha alasiri, pamoja na msimbo wa kosa ambao haukuniambia lolote.

Kosa langu halikuwa ukosefu wa ujuzi, bali ni kwamba sikuwa nimeandika chochote. Nilikuwa nayachukulia majaribio yote matatu kuwa tatizo moja linalojirudia, na kwa hiyo nilikuwa nikitafuta dawa moja. Nilipochukua daftari na kuanza kukumbuka kila jaribio lilikwama wapi, kwa ujumbe gani, na baada ya kubadilisha kitu gani, niligundua kwamba hayakuwa yamekwama mahali pamoja hata kidogo. Kompyuta kuukuu huwa na hitilafu kadhaa zilizopanga foleni, na unapoiondoa ya mbele ndipo inapojitokeza iliyo nyuma yake. Msimbo unapobadilika, basi, hujarudi mwanzo, umesogea. Anayestahili kuhangaika ni yule anayepata msimbo ule ule mara tano kwa sababu amebonyeza kitufe kile kile mara tano.

Kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe diski hiyo na uiweke kando. Sitaongeza neno hapo.

Jaribio langu la kwanza halikufika hata kwenye usakinishaji. Upakuaji ulikuwa ukianza na kukatika, na kwa karibu wiki mbili niliulaumu mtandao. Siku moja, baada ya kuiwasha kompyuta iliyokuwa imekaa bila umeme usiku kucha, nilitupa jicho kwenye kona ya skrini nikaona tarehe: ilikuwa tarehe 1 Januari, ya mwaka uliopita zamani. Niliirekebisha, nikazima mashine, nikachomoa chaja na betri, nikangoja kidogo na kuiwasha tena, Januari ikarudi. Kwenye ubao mama wa kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunza saa na, katika mashine nyingi za zamani, mipangilio ya bayosi (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) wakati hakuna umeme. Ikichoka, saa hupotea. Na saa ikipotea, mawasiliano salama na seva za masasisho huvurugika, kwa sababu kila cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko miaka kumi nyuma huviona vyeti halali kuwa bado havijaanza kutumika. Nilifungua mfuniko wa chini, nikaichomoa betri hiyo kwa ncha ya bisibisi ya plastiki, nikaweka mpya, nikaingia kwenye bayosi kupanga tarehe upya. Upakuaji haukukatika tena. Mpaka leo, mtu akinieleza kwamba kompyuta yake ya zamani haisasishiki, swali langu la kwanza ni saa ngapi inaonyesha.

Jaribio la pili lilisimama kwenye ujumbe kwamba sehemu ya diski iliyohifadhiwa kwa ajili ya mfumo haikuweza kusasishwa. Diski yenyewe ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 200 zilizo wazi, na ndiyo maana ujumbe huo huwachanganya watu. Nafasi inayosemwa hapo si ile uionayo kila siku, bali ni ya kipande kidogo kilichofichwa mwanzoni mwa diski, chenye megabaiti 100 hivi, ambamo hukaa mafaili ya kuwashia kompyuta. Kipande hicho hujazwa na mabaki: mafaili ya maumbo ya herufi (fonti) za lugha nyingi ambazo mfumo hauzihitaji ili uwake, na wakati mwingine programu za antivirasi nazo hujiandikia humo. Windows huhitaji takribani megabaiti 15 zilizo wazi kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na 13 kwenye ile ya mtindo mpya wa GPT. Nilikipa kipande hicho herufi ya muda ya kukifungulia, kama ile C: ya diski kuu, nikafuta mafaili ya fonti yaliyomo ndani ya folda ya Fonts, na nafasi ikapatikana. Nilifuta yaliyo kwenye folda hiyo peke yake. Ukigusa mafaili ya kuwashia yenyewe, utaishia na kompyuta isiyowaka, na hilo ni tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo.

Ukosefu wa nafasi ya kawaida nao una msimbo wake, 0x80070070. Misimbo inayoanza na 0x8007 ni makosa ya kawaida ya Windows yaliyovalishwa joho. Tarakimu za mwisho ndizo zinazotaja kosa, na 70 kwa hesabu ya msingi wa 16 ni 112, yaani diski imejaa. Kwa kupandisha toleo zima, mimi siridhiki na chini ya gigabaiti 20 zilizo wazi.

Jaribio la tatu, ndilo lile lililonivunja moyo, lilitoa 0x80070017: data zilizosomwa hazilingani na zilivyopaswa kuwa. Hapa ilinibidi nikiri kwamba nilianza kazi kinyumenyume. Waswahili husema mficha maradhi kifo humfichua, na diski ya zamani ni bingwa wa kuficha maradhi. Kwa matumizi ya kila siku husoma sehemu zile zile chache zilizo nzima, lakini kazi ya kupandisha toleo huilazimisha kuandika na kusoma maelfu ya mafaili pahali ambapo huenda hapajaguswa kwa miaka. Nilitumia programu ya CrystalDiskInfo kusoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Mistari miwili ndiyo ya kuitazama kwanza: idadi ya sehemu zilizohamishwa baada ya kuharibika, na idadi ya sehemu zinazosubiri kuamuliwa kwa kuwa hazisomeki vizuri. Kwangu mimi huu wa pili haukuwa sifuri. Nilipoikagua tena baada ya siku mbili, idadi ilikuwa imeongezeka.

Ukiona namba hiyo inapanda, usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, yenye kipengele cha kutafuta sehemu mbovu, ingawa ushauri huo umeenea. Ukaguzi huo huitembeza diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski mahututi inaweza kufia humo humo. Okoa data kwanza. Nilitumia programu ya kunakili diski yenye uwezo wa kuruka sehemu zisizosomeka na kuzirudia baadaye, nikahamishia kila kitu kwenye diski ya SSD (isiyozunguka) ya gigabaiti 500 iliyoingia palepale ilipokuwa ya zamani. Baada ya hapo ndipo nilipoendesha chkdsk kurekebisha mpangilio wa mafaili, kisha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu: sfc hurekebisha mafaili ya mfumo kwa kuchukua nakala kutoka kwenye ghala la Windows lenyewe, na ghala likiwa bovu itakuwa inashona nguo kwa kitambaa kilichooza; DISM ndiyo inayolisafisha ghala.

Jaribio la nne lilienda kasi ya kushangaza, likapita mahali pote nilipokuwa nimewahi kukwama, kisha likarudi nyuma na 0xC1900101-0x30018. Miezi michache kabla ya hapo ningeitupa mashine dirishani. Sasa niliandika msimbo kwenye daftari na kutabasamu, kwa sababu huu ulikuwa mpya.

Msimbo wa namna hii una sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayosema jambo lilitokea lini. Kazi ya kupandisha Windows hupitia hatua nne. Katika ya kwanza, mfumo wa zamani bado unafanya kazi, na kisakinishi hukagua mashine na kupakua mafaili. Ya pili hufanyika ndani ya mfumo mdogo wa muda, huku ule wa zamani ukiwa umelala. Katika ya tatu mfumo mpya huwaka kwa mara ya kwanza na kuanza kuvitambua vifaa, na katika ya nne huwaka tena ili kukamilisha mipangilio ya mtumiaji. Tarakimu ya kwanza baada ya 0x katika sehemu ya pili ya msimbo hutaja hatua: 0x2 ni hatua ya pili, 0x3 ni ya tatu, na kadhalika. Sehemu ya kwanza, 0xC1900101, karibu mara zote hunyoosha kidole kwa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kukiendesha kifaa. Kwa hiyo yangu ilisomeka hivi: mfumo mpya uliwaka, ukaanza kuvisalimu vifaa, na draiva ya kimojawapo haikuitikia.

Kipi sasa? Jibu lipo kwenye folda iliyofichwa iitwayo $WINDOWS.~BT, ndani ya Sources na kisha Panther au Rollback, kwenye faili liitwalo setupact.log. Ni faili refu la kutisha. Usilisome kutoka juu. Nenda mwisho kabisa, kisha panda ukitafuta neno Error na saa inayokaribiana na ile ambayo kompyuta ilianza kurudi nyuma. Microsoft pia ina programu ya bure, SetupDiag, inayokusomea kumbukumbu hizo na kutoa muhtasari. Kwangu mimi, kifaa cha mwisho kutajwa kabla ya kimya kilikuwa kisomaji cha alama za vidole, ambacho sikuwahi kukitumia hata siku moja, na draiva yake ilikuwa ya mwaka 2011. Niliiondoa draiva hiyo pamoja na programu iliyokuja nayo, nikakizima kifaa chenyewe kwenye bayosi ili mfumo mpya usikione kabisa.

Wakati huo huo niliondoa antivirasi ya ziada. Kuizima hakutoshi, kwa kuwa draiva zake hubaki zimejichimbia. Iondoe, utairudisha baadaye. Printa, flashi, kadi za kumbukumbu na skrini ya pili nazo zichomolewe, zibaki kipanya na kibodi tu. Chaja iwe imechomekwa, maana betri ya kompyuta ya miaka kumi haiaminiki hata ikidai imejaa. Asilimia zikiganda, tazama taa ya diski kabla ya kuzima kwa nguvu: ikiwa inapepesa, kazi inaendelea. Nimewahi kuona asilimia moja ikikaa saa nzima na baadaye kila kitu kikakamilika.

Jaribio la tano lilifaulu, bila mbwembwe.

Lakini kuna kukataa kwingine ambako si hitilafu, na ni vizuri kukutofautisha mapema ili usipoteze wiki nzima. Windows 11 huhitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, bayosi ya kisasa ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha rasmi, ambayo kwa Intel huanza hasa na kizazi cha 8. Kompyuta ya 2012 haimo. Zipo njia za kuuruka ukaguzi huo, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine zilizopitishwa mlango wa nyuma, na kuanzia toleo la 24H2 kompyuta ambayo prosesa yake haina maagizo ya SSE4.2 (seti ya amri za ndani ya prosesa) haiwaki kabisa, hata ufanye nini. Upande mwingine, kompyuta ya mwaka 2018 inayokataliwa huenda ina TPM iliyozimwa tu kwenye bayosi, au diski yake bado ni ya MBR. Hiyo ya pili hutibiwa kwa MBR2GPT, programu iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703.

Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na ndipo wengi wenye mashine za umri huu wanapohamia Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows. Huko pia kuna kukwama, na kukwama ninakokutana nako zaidi ni kipande cha diski cha /boot kilichojaa kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Amri ya apt autoremove humaliza kazi mara nyingi. Ila angalia aina ya prosesa kwanza: Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliyotoka mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32.

Jambo la mwisho ni la baada ya kufaulu. Windows huuweka mfumo wa zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10, na katika siku hizo unaweza kurudi ulikotoka. Usiifute mapema kwa tamaa ya nafasi. Jaribu sauti, kamera, printa, mtandao, na hasa kufunga mfuniko na kuufungua tena. Kompyuta yangu ilikuwa ikilala na kutoamka, skrini nyeusi, feni ikizunguka. Siku ya sita niliirudisha draiva ya michoro ya mtengenezaji mahali pa ile ya jumla iliyowekwa na mfumo, ikaamka, na ndipo nilipoifuta Windows.old.