Usilipe hizo nakala 45 kesho, nakuomba

Mkuu simama hapo hapo, hiyo hela usiitume.

Nimesoma swali lako kwenye daladala nikapitiliza kituo. Una klabu ya kusoma, watoto 45 wa Form One na Form Two, wazazi wamechanga laki nne na nusu, unataka riwaya kumi za kuwapendekezea, Kiswahili na Kingereza, unataka kujua wavulana wanavutwaje na vitabu vya kuazimisha visipotee vipi. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, unasema kuna jamaa wa duka la vitabu amekushauri uchukue nakala 45 za Utengano ya Said Ahmed Mohamed maana "mhusika ni binti mdogo, wanafunzi watajiona mle", na ukilipa kesho anakuongezea tano za bure.

Hayo maneno ya binti mdogo niliambiwa mimi 2017, karibu neno kwa neno. Ndo maana naandika kwa jazba, utanisamehe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Klabu ya kusoma nilitwishwa kwa sababu mkuu wa shule alinikuta nasoma gazeti wakati wa chai, akaona huyu ndiye. Basi nikajiunga na grupu moja la WhatsApp la wapenzi wa fasihi, na mle ndani kulikuwa na mtu wanamwita Profesa. Hakuwa profesa. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba anakula kamisheni kwa kila katoni inayotoka kwa rafiki yake wa Kariakoo, lakini jamani alikuwa na Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni. Nikamuuliza kitabu gani kizuri kwa watoto wa miaka 13, 14. Hakufikiri hata dakika. Rosa Mistika. Mhusika ni msichana, yuko sekondari, Kiswahili chepesi, mwandishi ni Kezilahabi, unataka nini tena?

Sasa hapa ndo nataka unisikilize, maana najua watu watakuja chini ya huu uzi na ushauri wao wa "soma kwanza mwenyewe kabla hujawapa watoto". Mimi nilikuwa NIMEKISOMA. Nilikisoma chuoni, nina miaka 22, nimelala kwenye godoro la geto, nikakipenda mno. Miaka ikapita. Nilichobaki nacho kichwani ni Ukerewe, na Zakaria mlevi anavyomshushia kipigo binti yake kisa barua ya mvulana, nikasema hii ndo yenyewe, wanafunzi wangu wanapigwa kwa barua kila wiki. Kurasa zote zinazofuata nilikuwa nimezisahau kabisa. Mabwana, mimba zinazotolewa, Rosa anavyojiua. Ukiwa na miaka 22 hayo unayapita unaenda kuyajadili kwenye semina, mtu wa miaka 13 ambaye hajawahi kumaliza kitabu kirefu zaidi ya cha maarifa ya jamii anasimama palepale, anakunja ukurasa, anampelekea mwenzake.

Na kitabu hakina kosa, tusije tukaelewana vibaya. Kilitoka 1971, kuna kipindi kilizuiwa mashuleni, baadaye kikaja kukubalika na kufundishwa, na mpaka leo mtu akikitukana mbele yangu tunagombana. Ila Profesa hiyo habari ya kuzuiwa aliijua fika. Nilipomuuliza baada ya moto kuwaka akanijibu kwa voisi noti ya dakika nne kuhusu uhuru wa msanii. Dakika nne! Kwa bando langu!

Hesabu ilikuwa hivi: nakala 42 kwa elfu tisa tisa, laki tatu na elfu sabini na nane, weka elfu kumi na mbili ya parseli ya basi, jumla laki tatu na tisini. Hela yote ya klabu. Niligawa Ijumaa mchana. Nilijisikia kama nimejenga zahanati.

Jumatatu saa mbili na nusu akaja mzazi, baba mtu mzima, kanzu safi, kitabu amekifunga kwenye gazeti kama anarudisha samaki aliyeoza. Hakupiga kelele, na ningemshukuru angepiga. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu wa zamu, akafungua pale palipokunjwa, akaanza kunisomea kwa sauti. Alienda mistari mitatu akanyamaza mwenyewe. Mwalimu wa kike aliyekuwa anasahihisha madaftari pale pembeni akachukua peni yake akatoka nje. Nikabaki mimi na yule mzee na feni. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwalimu, hiki umemsomea na mwanao?"

Mwanangu alikuwa na miaka miwili lakini sikuona kama jibu hilo lingenisaidia.

Hadi Alhamisi walikuwa wamefika wazazi tisa. Mkuu wa shule akakusanya katoni ikafungiwa stoo chini ya nyavu za netiboli, klabu ya kusoma ikageuzwa klabu ya mazingira, yaani tukawa tunafyeka. Mchwa ndio waliomaliza kile kitabu, kwa maana ya kukimaliza kweli. Mke wangu akitaka kunimaliza mimi ananiita Rosa.

Hayo nacheka sasa. Ambacho sicheki ni binti wa yule mzee. Huyo mtoto alikuwa anasoma mpaka karatasi ya kufungia maandazi. Ndiye alikuwa ananiulizia kila siku vitabu vinakuja lini. Baba yake alipiga marufuku hadithi zote nyumbani, si hicho tu, zote, hata vile vijitabu vya ngano alivyokuwa navyo tangu msingi. Nilimfundisha hesabu miaka mitatu mingine, akawa mzuri tu darasani, ila hakuwahi kuniomba kitabu tena.

Kwa hiyo mkuu, huyo Maimuna wa Utengano ni binti, ndiyo. Anatoroka kwa baba yake Maksuudi na anaangukia kwenye baa na danguro. Riwaya kubwa, ya 1980, mimi nakwambia isome wewe leo usiku. Lakini mhusika kuwa mdogo hakufanyi kitabu kuwa cha wadogo! Hata Watoto wa Mama N'tilie ya Mbogo, jina lenyewe lina watoto, mle kuna dawa za kulevya, na hicho kiliwekwa kwa vidato vya juu kidogo.

Nilichofanya baada ya hapo, miaka miwili baadaye mkuu mpya aliponiruhusu, ni kununua NAKALA MOJA. Moja tu ya kila kitabu. Nampa mtoto mmoja wa umri uleule, nakaa kimya, nasubiri. Usimpe yule wa kwanza darasani maana huyo atamaliza hata kitabu cha simu kwa heshima yako. Mpe wa nyuma dirishani. Usimuulize kama ni kizuri, watakwambia wote "kizuri mwalimu". Angalia alama yake imekwama wapi. Wangu mmoja alikuwa anaweka tiketi ya basi, na kwenye kitabu kimoja cha Kingereza nilichokiamini sana ile tiketi ilikaa ukurasa wa 11 wiki tatu. Nikajua. Hawa watoto wametoka shule za msingi za Kiswahili juzi tu, Kingereza ndo kwanza wanakivaa, unampa riwaya ya kurasa 200 anaitumia kufukuzia mbu. Kingereza kina mambo yake, nitakueleza siku nyingine.

Siku Njema ya Walibora nilimpa kijana wa Form Two ambaye nilidhani hajui kusoma. Ni ya 1996, ya Mkenya, lakini Kombo anatokea Tanga, mama yake mwimbaji wa taarab, halafu anafunga safari kumtafuta baba yake huko Kitale. Siku ya nne kijana ananifuata kwenye korido kuuliza kutoka Tanga mpaka Kitale nauli shilingi ngapi. Mtoto akianza kuuliza nauli, hapo ndo unanunua ya pili. Mwisho ile nakala ya kwanza ilirudi haina jalada, ina mafuta ya mihogo, imepita mikono saba ambayo mimi sikuigawia.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert nilidhani watalala, Kiswahili kile cha zamani, kumbe mtu anayewachapa manyani wawili kila usiku halafu anawalisha kwa huruma, hakuna mtoto anayeweza kukiweka chini bila kujua manyani ni nani. Kifupi pia. Bwana Msa nae, yule mpelelezi wa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, tajiri kauawa mapema tu, yeye na kiko chake anachunguza, wavulana wanagombania, ila Kiunguja chake kitawasumbua huku bara, mwenye kamusi akae karibu. Hivyo vitatu vimepita kwa watoto wangu. Sijasema vitapita kwa wako, ndo maana ya nakala moja.

Najua mmoja mmoja ni ghali, hakuna punguzo, na wazazi wanataka kuona katoni ili waamini hela yao haijaliwa. Waandikie risiti. Waambie kumi sasa hivi, zilizobaki baada ya watoto kuchagua wenyewe. Watanuna. Heri wanune na risiti kuliko waje Jumatatu na gazeti.

Kuhusu kuazimisha mimi naandika kwenye daftari tu, vinapotea, sijapata dawa.

Hebu kabla hujalipa mpigie huyo jamaa sasa hivi umwambie umebadilisha mawazo, unataka moja. Usiongeze neno. Sikiliza tu zile tano za bure zinavyoyeyuka, halafu urudi hapa utuambie alisemaje.