Kabla ya Kuchoma Sindano ya Goti: Kwa Matabibu Wapya wa Tabora

Ninawaandikia ninyi mnaoripoti kazini kwa mara ya kwanza katika vituo vya afya na hospitali za mkoa huu, kwa sababu katika miaka yangu ya kuhudumia wagonjwa wa viungo sijaona sindano inayoombwa kwa matumaini makubwa kama ile ya steroidi ndani ya goti. Mkulima wa tumbaku kutoka Urambo au Kaliua atakuja kwako akiwa ameinama kwenye matuta tangu mvua za kwanza, atakwambia kwamba magoti yamesagika, na atataka achomwe leo ili kesho kutwa arudi shambani. Maumivu yake ni ya kweli na dawa pengine unayo kabatini. Hata hivyo, nakuomba usiishike sirinji kabla hujajua goti hilo limevimba kwa nini.

Dawa hizi, hasa methiliprednisoloni na triamsinoloni, hutuliza uvimbe kwa kupunguza nguvu ya kinga ya mwili mahali zilipowekwa. Ndiyo maana humsaidia sana mgonjwa wa baridi yabisi au wa jongo, na ndiyo maana pia ni hatari kubwa kwenye kiungo chenye vijidudu. Goti lenye usaha likichomwa steroidi linaweza kupoa kwa siku chache, mgonjwa akakushukuru, huku ndani gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, likiendelea kuliwa. Unaponionyesha goti la moto lenye homa, sitaki kusikia habari ya steroidi kabisa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile lililovimba taratibu kwa miezi kadhaa, upande mmoja tu, na paja la juu yake limekonda, kwa maana kifua kikuu cha viungo hujificha hivyo na huwa hakina joto la kukushtua. Mgonjwa wa selimundu naye mchunguze kwa makini, hasa nyonga na bega, kwa kuwa maumivu yake yanaweza kuwa ya mfupa unaokosa damu, si ya uvimbe wa kiungo.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, nilimchoma triamsinoloni mama mmoja wa makamo aliyekuwa na bega lililokaza. Nilimuuliza kuhusu sukari na presha, akajibu kwamba hana, nami nikaridhika. Sikumuuliza dawa anazokunywa kila siku, na hata kama ningemuuliza, mkwewe alikuwa ameketi pembeni yake. Baada ya majuma matatu alirudi uso umevimba na kuwa wa mviringo, sukari imepanda, na miguu haina nguvu ya kumwinua kitini. Kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, ilikuwa kwenye mkoba mwingine: alikuwa akitumia ARV za mstari wa pili zenye ritonaviri, dawa inayozuia ini kuivunja triamsinoloni, hivyo dozi moja ya begani ikasambaa mwilini na kukaa kwa muda mrefu, na tezi zake zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili zikalala. Alipona, lakini ilichukua miezi, na miezi hiyo yote nilikuwa nikimwona akija kliniki akishikilia ukuta. Tangu hapo humwomba kwa heshima kila anayemsindikiza mgonjwa asubiri nje kidogo, kisha huuliza: "Mama, kuna dawa yoyote unayokunywa kila siku, hata isiyohusu viungo?" Jibu likiwa ARV, zungumza kwanza na wenzetu wa CTC, na usibadilishe steroidi moja kwa nyingine kwa kubahatisha.

Ukisharidhika kwamba sindano inafaa, tikisa kichupa, kwa sababu methiliprednisoloni hutuama chini kama chokaa na inapaswa kurudi kuwa nyeupe kote kama maziwa. Weupe huo ni chembechembe, kwa hiyo dawa hii haiingii kwenye mshipa wa damu kamwe. Safisha ngozi, usiiguse tena, kisha vuta maji ya goti kwanza. Nyanyua sirinji mbele ya ukurasa wowote uliochapwa. Ukiweza kusoma maandishi kupitia maji yale ya manjano, endelea. Yakiwa mazito kama uji mwepesi na herufi zimepotea, weka steroidi pembeni na uyapeleke maabara. Goti la mtu mzima hupewa kwa kawaida miligramu 40, wakati mwingine hadi 80. Sukuma bila kutumia nguvu, kwani kidole gumba kikipata ukinzani huenda ncha imo ndani ya kano, na kano iliyochomwa steroidi inaweza kukatika.

Mwambie mgonjwa ukweli kabla hajaondoka. Goti linaweza kuuma zaidi kwa siku moja au mbili kisha likatulia; likizidi kuuma baada ya hapo, au homa ikija, arudi siku hiyohiyo. Mwenye kisukari apime mara kwa mara juma zima. Ngozi inaweza kupauka mahali palipochomwa, jambo linaloonekana wazi kwenye ngozi zetu na linalowaumiza wengi wasipoambiwa mapema. Na kwa goti lililosagika, nafuu ni ya majuma kadhaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 140 kwa miaka miwili: waliochomwa triamsinoloni kila baada ya wiki 12 walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi wenzao. Mimi sichomi goti moja kabla ya miezi mitatu kupita, na huwa nasisitiza mazoezi ya paja kuliko sindano yenyewe.

Mkulima akinyimwa na wewe atakwenda Nzega au Sikonge, au atachomwa deksamethasoni, steroidi nyingine, ya makalio kwenye duka la dawa, na hakuna atakayejua ya nyuma. Kwa hiyo mbali na faili, mimi huandika ndani ya jalada la daftari lake jina la dawa, kiasi, goti la kulia au la kushoto, na tarehe ambayo sindano nyingine haipaswi kutangulia, kisha humsomea kwa sauti mpaka airudie mwenyewe.