Muulize Fundi: Heda mpya, na hita niitupe?

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1970, injini ya sisi 1500, aliniachia babu. Silensa imeoza. Kijana mmoja hapa Malindi ananiuzia heda, yaani ekzosi ya mabomba manne yanayoungana kuwa moja, na asema nitupe hita kwa sababu Pwani hakuna baridi. Lakini kila Julai twaenda Limuru kwa wakwe, na mke wangu hutetemeka njia nzima. Nishike lipi?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Kuhusu baridi ya Malindi kijana hajakosea; hata kusi likivuma, hita ni ya nini? Ila nani kasema heda na hita hazikai pamoja? Heda hufungwa kwenye silinda mbili za nyuma. Silinda mbili za mbele hutoa moshi kupitia maboksi ya hita, kisha heda inaupokea huko nyuma. Ukiondoa maboksi, wawekewa mabomba matupu yaliyopinda mahali pake. Kwa hiyo nunua heda ya inchi moja na tatu ya nane (1⅜), yaani milimita 35, inayokaa na maboksi ya kawaida. Ya inchi moja na nusu ni ya injini zilizokuzwa. Kwako haina faida.

Angalia pia kama ina vile vifleji (vibapa vya kufungia) viwili vidogo vya bomba linalopasha joto njia ya kabureta. Heda nyingi za bei poa hazina. Hapa hutaona tofauti kubwa, lakini Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi ya ukungu, bila bomba hilo, injini itakohoa mpaka wakwe watoke nje.

Sasa maboksi yenyewe, na hapa usifanye mchezo. Ndani yake bomba la moshi lapita katikati, na hewa ya feni hulizunguka ikichukua joto kwenda ndani ya gari. Bomba likitoboka kwa kutu, hewa hiyo inabeba moshi, na kaboni monoksaidi haina harufu. Mtaanza kuumwa kichwa na kusinzia, mkidhani ni uchovu wa safari. Yafungue, ziba upande mmoja wa bomba la moshi, jaza maji, ngoja. Maji yakichuruzika kwenye ganda la nje, tupa boksi hilo. Usikubali kuchomelewa viraka. Harufu ya oili iliyoungua ni jambo jingine: mirija ya pushirodi (fito zinazosukuma vali) inavuja juu ya maboksi, badilisha sili zake.

Kisha gonga vizingiti vya milango kwa bisibisi. Hewa ya hita hupita humo, na chumvi yetu yavipenda mno. Vikiwa vimeoza, joto halitamfikia mkeo, wala kioo cha mbele hakitaondoka ukungu. Hilo lataka mchomeleaji kabla ya heda.

Ukiamua kutoa hita hata hivyo, ziba matundu mawili ya hewa kwenye kava la feni, hewa yote iende kupoza silinda.

Na kijana asikimbilie spana. Nati za ekzosi zitiwe oili ya kulegeza kutu, zilale nayo usiku kucha. Stadi, ile bolti inayoshika nati, ikikatika ndani ya hedi (kichwa cha silinda), bei ya heda utaiona ndogo.