Boti ya jeti Hells Canyon: lipia vituo, si mwendo

Ukiwa unaishi Boise, Twin Falls au Spokane, na umepata wageni kutoka nyumbani, haitapita muda kabla mfanyakazi mwenzako hajakuambia uwapeleke Hells Canyon, korongo la mpakani mwa Idaho na Oregon, Marekani, wakapande boti ya jeti. Wapeleke. Nimekwenda na watoto, nimekwenda na vijana wa kwaya, na mwaka mmoja nilimpeleka shangazi yangu, mwenyeji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye alikuwa hajawahi kuona milima mikubwa kiasi kile isiyo na shamba hata moja. Ila safari hizi hutangazwa kwa picha za maji yanayoruka na watu wanaopiga mayowe, na anayechagua kwa picha hizo hutoa pesa nyingi kwa kitu ambacho angekipata kwenye bembea za maonyesho.

Tuanze na mahali penyewe. Mto Snake unaanzia Wyoming, karibu na Yellowstone, unakata kusini mwa Idaho, halafu unageuka kaskazini na kuwa mpaka wa Idaho na Oregon. Katika kipande hicho ndipo ulipochimba korongo lenye kina kuliko makorongo yote ya mito Amerika Kaskazini: mita 2,436, ukipima kutoka kilele cha He Devil upande wa Idaho hadi majini. Grand Canyon, pamoja na sifa zake zote, haifikii hapo. Gari hufika kwenye maji sehemu chache mno. Kwingine kote ni miguu, farasi au boti.

Korongo lilibaki hivyo kwa kugombaniwa. Kampuni ya umeme ya Idaho ilikwisha jenga mabwawa matatu upande wa juu, la mwisho likakamilika 1967, na samaki wa samoni waliokuwa wakipanda kutoka baharini wakakwamia hapo mpaka leo. Kulikuwa na mipango ya bwawa jingine chini yake. Kesi ya bwawa hilo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka huohuo wa 1967, majaji wakataka swali liulizwe upya: je, bwawa lenyewe linahitajika? Mwishoni mwa 1975 Bunge likapitisha sheria ya kulilinda eneo lote. Bila ugomvi huo leo tungekuwa tunapiga makasia kwenye ziwa.

Sasa uchaguzi ulio muhimu. Korongo lina milango miwili. Mmoja ni juu, kwenye bwawa la Hells Canyon, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Boise kupitia Cambridge. Ukipandia hapo, muda si mrefu umeingia kwenye maji makali kuliko yote ya mto huo, Wild Sheep na Granite, na kuta za korongo ziko karibu, nyeusi, zinakuegemea. Safari nyingi za hapo ni fupi. Mlango wa pili ni chini, Lewiston, mji wa Idaho, na Clarkston ulio ng'ambo ya mto upande wa Washington. Kutoka Boise ni mwendo wa saa tano hivi, kwa hiyo itabidi mlale. Ukipandia huko unapanda mto siku nzima, na safari za kawaida hufika shamba la zamani la Kirkwood, takriban kilomita 130 juu. Chache huendelea mpaka bwawani.

Kama una nusu siku tu na vijana wanaotaka kulowa, nenda bwawani, wala usione haya. Lakini kama umeleta wazazi, au wewe mwenyewe unataka kujua umepita wapi, nenda Lewiston. Safari ndefu inazidi dola mia moja kwa mtu, tena kwa mbali, na najua hizo ni saa ngapi za kazi ghalani. Ndiyo maana nasema: kabla ya kulipa, piga simu uulize swali moja. Mtasimama wapi, na kila mahali kwa dakika ngapi? Jibu lenyewe litakuonyesha ni kampuni ya namna gani. Kuna moja, sitaitaja, iliyotuzungusha boti mduara kwa nguvu mpaka mtoto wa mwenzetu akatapika, kisha tukapita sehemu nzuri kabisa ya korongo bila injini kupunguzwa hata kidogo. Ile nyingine niliyoipenda, mpokea simu alinitajia vituo vyote kwa mpangilio kama mtu anayetaja vijiji vya kwao.

Neno kuhusu boti, maana wageni huogopa bila sababu na wakati mwingine hawaogopi panapostahili. Boti ya jeti haina rafadha. Injini inazungusha pampu inayonyonya maji kupitia wavu ulio chini ya boti na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia bomba, na bomba hilo likigeuzwa ndipo boti inapokata kona. Mfugaji na mhandisi wa New Zealand, William Hamilton, ndiye aliyeifanya ifae kwa mito, miaka ya 1950, kwa sababu mito ya kwao ina mawe na maji ya kufika magotini. Boti ikishika kasi inanyanyuka na kuteleza juu ya maji ya kina kifupi ajabu. Lakini sikiliza hili: usukani unafanya kazi tu maji yakiwa yanasukumwa. Nahodha akiachia mafuta, boti haimsikii tena. Kwa hiyo ukimwona anakaribia jiwe na badala ya kupunguza anaongeza, usimkaripie. Shangazi yangu alimkaripia, kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, na yule bwana akadhani anashangiliwa.

Nahodha ndiye safari. Hawa watu wa Lewiston wengi wamekulia mtoni. Barua zimepelekwa kwa boti kwenye mashamba ya ndani ya korongo tangu 1919, na familia za mabaharia hao zinajuana. Anayejua mto atakuonyesha kondoo wa mwitu wenye pembe zilizojikunja kabla hujawaona, atakuonyesha tai mwenye kichwa cheupe, atakuambia shimo wanamolala sturgeon, samaki wa zamani wanaoweza kupita mita tatu na ambao ukimvua mmoja lazima umrudishe majini. Muulize. Wageni wetu hukaa kimya kwa adabu wakidhani kuuliza ni usumbufu, naye nahodha anadhani wamechoka, basi anaongeza mwendo.

Na kuna sehemu mbili ambazo ningemwomba apunguze hata kama haziko kwenye ratiba.

Ya kwanza ni Dug Bar. Mwaka 1877 Jenerali Howard wa jeshi la Marekani aliwapa watu wa Nez Perce, wenyeji wa asili wa huku, waliokataa kutia saini mkataba, na Chifu Joseph miongoni mwao, siku 30 kuhama ardhi yao ya Wallowa upande wa Oregon na kuingia kwenye eneo walilotengewa Idaho. Ilikuwa mwisho wa masika ya huku, mto umefura kwa theluji iliyoyeyuka. Walivukia hapo, wazee, watoto wachanga, mizigo juu ya ngozi za nyati zilizotengenezwa kama vyombo, farasi wakiogelea. Ng'ombe na farasi wengi walichukuliwa na maji. Wiki chache baadaye vita vilianza, wakakimbia kupitia milima mpaka Montana, na wakakamatwa Oktoba wakiwa wamebakiza kilomita 65 hivi kufika mpaka wa Kanada. Wakati nahodha anasimulia haya nilikuwa namtafsiria shangazi kwa sauti ya chini. Aliuliza mambo mawili tu: walivuka usiku au mchana, na nani alibaki nyuma na wagonjwa. Nahodha hakujua la pili. Alivua kofia akaomba radhi kwamba hajui.

Ya pili ni Deep Creek, juu kidogo ya hapo. Mwaka 1887 genge la wezi wa farasi liliwaua wachimba dhahabu Wachina, hadi 34 kwa hesabu inayotajwa, na hakuna aliyepatikana na hatia. Tangu 2012 kuna jiwe la kumbukumbu lililoandikwa kwa Kichina, Kiingereza na lugha ya Nez Perce. Kampuni zinazouza furaha hupita hapo mbio. Sioni kwa nini. Watu wazima wanaweza kula sandwichi zao na pia kusikia habari hiyo.

Kirkwood kwenyewe ni pazuri pa kunyoosha miguu: nyasi, kivuli, choo, kijumba cha makumbusho, na nyumba alimoishi Len Jordan na mkewe Grace wakifuga kondoo miaka ya 1930, wakati uchumi umeanguka, kabla hajawa gavana wa Idaho. Watoto wao walisomea nyumbani. Wageni wetu huielewa nyumba hiyo haraka kuliko wenyeji: tanuri la kuni, maji ya kijito, barua mara moja kwa wiki.

Kuna jambo ambalo hutalikuta kwenye matangazo. Wengi wetu tuliotoka Kongo, au wazazi wetu, tulivuka ziwa Tanganyika usiku, mwaka 1996 na baadaye, ndani ya boti zilizojaa kupita kiasi, kuelekea Kigoma, Tanzania, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa mtu wa namna hiyo, injini inayonguruma, maji usoni na watu wanaopiga mayowe si burudani lazima. Muulize kabla hujanunua tiketi, na muulize faragha, si mbele ya wajukuu wanaorukaruka, maana mbele yao atasema ndiyo. Akikataa, kuna barabara ya kupanda kwa gari mpaka mahali pa kutazama korongo kutoka juu, na hapo hapungukiwi heshima. Shangazi alikubali kwa masharti: akae katikati, avae jaketi okozi safari nzima hata kwenye maji tulivu ambako wengine walikuwa wamevua, na mimi nisimwache kwenda kupiga picha mbele. Nilitii yote matatu.

Katikati na nyuma ndiko pa kukaa hata kwa asiye na hofu, kama ana mgongo mbovu. Mbele boti inadunda. Nyuma kuna kelele zaidi na maji zaidi, lakini uti wa mgongo utakushukuru. Mjamzito asiende, na aliyefanyiwa upasuaji wa karibuni asiende. Kampuni nzuri zitamkataa zenyewe.

Msimu: Mei na mwanzo wa Juni vilima ni vya kijani na maji ni mengi. Julai na Agosti korongo hupikika, nyuzijoto 38 na zaidi ni kawaida, vilima vimekuwa rangi ya mkate, na zipo siku ambazo boti za injini haziruhusiwi sehemu ya juu ili wenye mashua za makasia wapate utulivu, basi uliza tarehe. Septemba ndiyo naipenda mimi. Asubuhi kuna baridi ya kweli majini hata kiangazi, kwa hiyo wanawake wabebe kanga au kitenge cha pili cha kujifunika, na koti lisilopitisha upepo. Kofia iwe na kamba. Viatu vya kufunga, si kandambili, kwa sababu ukingoni kuna mmea wa majani matatumatatu unaowasha vibaya, poison ivy wanauita, na pia nyoka wanaotikisa mkia ukalia kama kayamba. Nyoka hao hawakufuati. Usiingize mkono mahali usipopaona, yatosha.

Simu haitashika. Tena itakudanganya saa: Lewiston iko nyuma ya Boise kwa saa moja, na kule bwawani simu huweza kunasa saa ya Oregon, ambayo nayo iko nyuma kwa saa moja, ukadhani umewahi kumbe boti imeshaondoka. Uliza wanatumia saa ya wapi. Na mkikubaliana na wageni kwamba mtaonana saa mbili asubuhi, hakikisha hakuna anayesoma 2:00 kwenye simu yake.

Chakula cha mchana mara nyingi kimo kwenye bei. Uliza kama mnaruhusiwa kubeba chenu, maana wazee hawatashiba mkate baridi. Sisi tulibeba chapati na kuku wa kukaanga kwenye sanduku la barafu, na nahodha akaacha sandwichi yake. Bakshishi hutolewa mwisho wa safari, mkononi, kwa nahodha na msaidizi wake. Iweke kwenye bajeti mapema isije ikawa aibu gatini.

Mkiwa wengi, kwaya au ukoo, ulizeni bei ya kukodi boti nzima. Ikigawanywa wakati mwingine haizidi sana bei ya tiketi mojamoja, na faida yake ni kwamba ratiba inakuwa yenu. Andikeni vituo mnavyotaka kwenye barua pepe ya kwanza kabisa, Dug Bar na Deep Creek vikiwemo, na msilipe malipo ya awali mpaka wamejibu kila kimoja.