Kabla hujakaa kwenye kiti cha Tanzania pale Arusha

Mdogo wangu uliyepangiwa kikao chako cha kwanza cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hongera. Watu wa nyumbani wataona picha yako umekaa nyuma ya kibao chenye jina la Tanzania, watadhani kazi ndiyo hiyo. Kazi yenyewe iko kwenye ripoti. Nimekaa kwenye ujumbe wa nchi yetu miaka mingi, na kama ningepewa dakika tano tu za kukufundisha, ningekufundisha kusoma vitenzi vya ripoti.

Vikao vyetu hupanda kwa ngazi. Wanaanza wataalamu, wanafuata makatibu wakuu, kisha Baraza la Mawaziri, na mambo makubwa hufika hadi kwa Wakuu wa Nchi. Mawaziri hawana muda wa kufungua upya kila aya. Wanapokea tuliyokubaliana sisi wa chini na kubishana pale tuliposhindwana. Aya uliyoiacha ipite Jumatatu ndiyo waziri wako atakayoikuta Ijumaa, tena ikiwa na saini ya mkuu wa ujumbe wako.

Sasa tazama skrini. Ni saa nne usiku, chai imepoa, wajumbe wamechoka, rasimu inapitishwa aya kwa aya. Imeandikwa "Kikao kilipokea taarifa". Hiyo haikufungi. Mjumbe mmoja anaomba isomeke "Kikao kilikubali". Hapo umeshafungwa. Mwingine anataka "Kikao kinapendekeza Baraza lizielekeze Nchi Wanachama", na tarehe ya mwisho juu yake. Hiyo ikipita kwa mawaziri inarudi nyumbani ikiwa agizo, na kikao kijacho utaulizwa utekelezaji umefikia wapi. Tofauti ya maneno hayo ni ndogo sana kwa mtu mwenye usingizi. Kwa hiyo usilale, na usiondoke ukumbini kabla rasimu haijaisha hata kama gari la hoteli linapiga honi.

Ukitaka kuona sentensi moja inaweza kubeba nini, fungua Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 15 inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za Nchi Wanachama. Tanzania iliisimamia hoja hiyo bila kuyumba. Mkulima wa Kilosa hajawahi kuisikia ibara hiyo, lakini ardhi yake inaendelea kuamuliwa kwa sheria za nchi yake kwa sababu kuna watu waliokaa mpaka sentensi ikaeleweka.

Kosa langu kubwa nalisema ili usilirudie. Nilienda kikao cha afya ya mimea nikiwa na msimamo wa Tanzania Bara peke yake. Kilimo si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake na wataalamu wake, na mimi sikuwa nimewatafuta. Nikakubali utaratibu wa vyeti ambao haukulingana na wao. Kuirudisha aya ile mezani kulichukua vikao viwili, na nchi nyingine zilikuwa na haki ya kuuliza kama Tanzania inajua inachokitaka. Kibao kimeandikwa jina la Jamhuri ya Muungano. Simu ya Unguja ipigwe kabla hujaandika msimamo. Ukishafika ukumbini umechelewa.

Utasikia pia kwamba Tanzania ni mzito. Usikasirike, jifunze historia ya neno hilo. Watanzania walipoulizwa mwaka 2006 na 2007 kuhusu kuharakisha shirikisho la kisiasa, wengi waliikataa ile haraka. Mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikuwa wakikutana bila sisi, na mwezi Novemba Rais Kikwete akaliambia Bunge kwamba Tanzania haitoki kwenye Jumuiya. Wazee waliokuwa kazini Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 hawakuhitaji kuelezwa kwa nini tunakwenda taratibu. Mimi nakubaliana nao. Ila uzito usiwe kisingizio cha uvivu: Wakuu wa Nchi huamua kwa mwafaka, kwa hiyo nchi moja inaweza kuwasimamisha wote, na anayekataa bila sababu iliyoandikwa hupoteza marafiki atakaowahitaji kwenye jambo lake la kesho. Ukisema hapana, taja sheria inayokuzuia na useme ni lini utakuwa na jibu.

Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki si wajumbe wako. Kila nchi huchagua 9, iwe kubwa kama Congo au ndogo kama Burundi, na Mkataba wa Jumuiya unataka wachaguliwe na Bunge la nchi nje ya wabunge wake wenyewe, kwa kuzingatia vyama, jinsia na mitazamo tofauti. Kenya ilipokosea hapo mwaka 2006, Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wake wasiapishwe. Wape taarifa wanapozihitaji, usiwaagize.

Kuhusu lugha: mtanywa chai kwa Kiswahili na kusuluhishana kwa Kiswahili, kisha ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Mkataba wa 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu. Linaniuma, lakini kwa sasa mliyokubaliana koridoni hayana maana mpaka yasomeke kwenye skrini.

Na wiki moja kabla ya safari, nenda mpakani, au angalau piga simu. Mama mmoja wa vitunguu aliwahi kunionyesha cheti chake rahisi cha uasili, kile kinachoonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, akaniuliza kwa nini upande wa pili bado wanamdai karatasi nyingine huku gunia la chini limeanza kuoza. Nikaandika kwenye daftari siku, saa, aina ya mzigo na karatasi aliyodaiwa, nikaingia nayo kwenye kikao cha vizuizi visivyo vya kiforodha, yaani vikwazo vya biashara ambavyo si ushuru. Wenzetu walizoea kusikia kwamba "wafanyabiashara wanalalamika". Safari hii nikawasomea daftari. Mkuu wa ujumbe wao akaomba kutoka nje, akapiga simu mpakani kwake kabla hatujafika kwenye ajenda iliyofuata.