Kuandaa Chemsha Bongo Isiyovunja Ujirani

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, majirani zangu wa upande wa Rau hapa Moshi hukusanyika chini ya turubai nyuma ya nyumba yangu kwa ajili ya chemsha bongo. Tulianza tukiwa watu tisa, na sasa hatupungui thelathini: wastaafu, mafundi, wanafunzi wa sekondari, akina mama wanaouza ndizi katika soko la Mbuyuni, na dereva mmoja wa daladala ambaye hupanga zamu zake ili asiikose siku hiyo. Nimekuwa muuliza maswali kwa miaka sita, na kwa kuwa watu wa Majengo, wa Pasua na hata wa Arusha wamekuwa wakiniuliza namna ya kuanzisha jambo kama hili mtaani kwao, nimeona niyaandike kwa utulivu yale ninayoyaamini baada ya kukosea mara nyingi. Nitaanza na kosa lililoniuma kuliko yote.

Katika mwaka wa kwanza niliuliza, "Azimio la Arusha lilipitishwa tarehe ngapi?" Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika 5 Februari 1967, wala sikuwa na wasiwasi wowote. Mzee mmoja, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika enzi za ujana wake, alisimama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umeuliza lilipitishwa au lilitangazwa? Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari ikalipitisha. Tarehe 5 Februari ndipo Mwalimu Nyerere alipolitangaza Dar es Salaam." Nilimjibu mbele ya watu wote kwamba jibu lililomo daftarini ndilo jibu. Kikundi chake kilishindwa kwa alama moja. Hakubishana, alichukua kofia yake, akawaaga waliokuwa karibu naye, na kwa miezi mitatu hakurudi. Usiku uleule nilihakikisha na kukuta kwamba kila alichosema kilikuwa sahihi, lakini aibu ilinichelewesha kwenda kumwomba radhi, na kuchelewa huko kukawa kosa la pili.

Tangu hapo ninaamini kwamba wema wa chemsha bongo huandaliwa siku kadhaa kabla ya watu kukaa, pale mwandaaji anapokuwa peke yake na daftari, akipima kama aandike "lilipitishwa" au "lilitangazwa". Watu wengi wanaonijia kwa ushauri huanza kuniuliza kuhusu zawadi, kipaza sauti na viti. Mimi huwauliza kwanza kama wanaweza kutenga jioni tatu za kutunga maswali thelathini, kwa maana ndicho kiasi cha kazi kinachohitajika.

Kuna maswali yanayoonekana mepesi ambayo ndani yake umejificha ugomvi. Ukiuliza Afrika ina nchi ngapi, anayehesabu wanachama wa Umoja wa Mataifa atasema 54, na anayehesabu wanachama wa Umoja wa Afrika atasema 55, kwa sababu Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara ni mwanachama wa Umoja wa Afrika lakini si mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Wote wawili wamesoma, wote wawili wana haki, na wewe ndiye uliyewagombanisha. Swali hilo hupona kwa maneno machache tu: "Umoja wa Afrika una wanachama wangapi?" Vivyo hivyo kwa mlima wetu wenyewe, Kilimanjaro. Kibao kilichopo kilele cha Uhuru kinaonyesha mita 5,895, nacho ndicho kipimo tulichofundishwa shuleni, ilhali vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 na 2008 vilipata takriban mita 5,892. Mimi huuliza hivi: "Kibao cha kilele cha Uhuru kinaonyesha urefu wa mita ngapi?" Rafiki zangu wa Arusha nawasihi waliache kabisa swali la Mnara wa Saa kuwa katikati ya Cape Town na Cairo. Ni simulizi inayopendwa, na huwafaa watalii, lakini jibu lake hutegemea umepima kwa njia ipi, na mtu akitoa hoja hiyo hutakuwa na la kumjibu.

Aina nyingine ya swali la hatari ni lile ambalo jibu lake hubadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na nchi tatu mkataba ulipotiwa saini Arusha mwaka 1999. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake 2024, hivyo leo ni nane. Mtu aliyesoma miaka kumi na tano iliyopita ataandika tano kwa uhakika kabisa, na hakuwa mvivu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika Bujumbura kuwa mji mkuu wa Burundi na kunionyesha atlasi yake, nami nikalazimika kumweleza kwamba tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega na kwamba Bujumbura umebaki kuwa kitovu cha biashara. Atlasi nyingi zilizomo majumbani mwetu pia zimechapishwa kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016, na bado zinahesabu mikoa 30 badala ya 31. Kwa hiyo kila swali la namna hii hulipitia tena juma lenyewe la shindano, nikalithibitisha katika vyanzo viwili visivyonakiliana, na kando ya jibu nikaandika majibu mengine nitakayoyakubali. Mzee aliyeandika Mshtarii na kijana aliyeandika Jupita wametaja sayari ileile, na haifai nianze kulifikiria hilo wakati watu thelathini wananitazama.

Usahihi peke yake, hata hivyo, hautoshi. Kwa mwaka mzima maswali yangu yalikuwa sahihi na bado watu walewale wanne ndio waliokuwa wakijibu. Mama mmoja wa Mbuyuni alikuwa amekuja mara nne mfululizo, akituletea ndizi kisukari, akisikiliza kwa makini bila kushika penseli hata mara moja. Siku ya tano niliuliza, "Ni gome la mti gani linalotiwa katika mbege, pombe yetu ya ndizi, ili kuipa uchungu?" Katika kikundi chake walikuwamo fundi umeme na kijana wa chuo, nao wakaanza kutazamana. Mama aliinama, akaichukua penseli mkononi mwa yule kijana, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, huku akiikandamiza karatasi: MSESEWE. Kilikuwa kikundi pekee kilichopata. Nilipomwomba atueleze, alieleza kwa mikono yake jinsi ndizi mbivu zinavyochemshwa na kuchujwa, na jinsi uji wa kimea cha ulezi unavyoongezwa baadaye, na vijana waliozaliwa mjini walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mwalimu. Tangu siku hiyo hajaiachia penseli.

Ninachokisema ni kwamba "maarifa ya jumla" hayapaswi kuwa maarifa ya waliokwenda shule ndefu. Ukitunga maswali kumi, jiulize ni nani mtaani kwako atakayelijibu kila moja, na kama jina lilelile linakujia mara sita, anza upya. Mimi hujitahidi katika kila kumi kuweka manne ambayo karibu kila kikundi kitayapata, manne yanayohitaji kushauriana, na mawili magumu ya kweli. Kisha huhakikisha kwamba magumu hayo mawili hayatoki katika uwanja mmoja. Muulize mtu wa riadha nani walioiletea Tanzania medali mbili za fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na uwe tayari kutoa nusu alama kwa anayemkumbuka Filbert Bayi wa mita 3,000 za kuruka viunzi na maji lakini akamsahau Suleiman Nyambui wa mita 5,000. Muulize mpenda historia jina la ofisa aliyeupandisha Mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na baada ya kulitaja jina la Alexander Nyirenda nyamaza kidogo, kwa sababu kuna bibi atakayetaka kusema alikuwa wapi usiku ule, na dakika mbili atakazozitumia ni bora kuliko swali linalofuata.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Vikundi viwe vya watu wanne, na majina yachaguliwe kwa vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kikapu, la sivyo wasomi watakaa na wasomi na ndugu watakaa na ndugu. Majibu yaandikwe. Tulijaribu utaratibu wa kunyoosha mkono tukaona unampendelea mwenye haraka na kumnyima nafasi mwenye kufikiri, hasa wazee. Simu hukusanywa katika kapu moja mezani, na yangu huingia kwanza. Kila swali husomwa mara mbili kwa Kiswahili kilicho wazi, kisha sekunde arubaini, na vikundi hubadilishana karatasi ili kusahihishiana.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni namna ya kulipokea jibu lisilo sahihi. Binti mmoja wa kidato cha pili aliandika kwamba ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika ni Victoria, na aliyekuwa akisahihisha akalisoma kwa sauti pamoja na jina la kikundi. Watu walicheka, na hawakucheka kwa ubaya, lakini nilimwona binti yule akiisukuma karatasi iliyobaki kwa mwenzake. Hakuandika tena jioni ile. Tangu hapo majibu yaliyokosewa hayasomwi na mtu yeyote isipokuwa mimi, wala simtaji aliyeyatoa, na kabla ya kusema jibu sahihi hutafuta ukweli uliomo ndani ya kosa lenyewe. Ningekuwa nimemwambia hivi: Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika kwa eneo, na ndiyo maana linakuja haraka akilini, kwa kina, hata hivyo, Tanganyika linalizidi mbali, kwa kuwa limekaa ndani ya Bonde la Ufa na linashuka hadi takriban mita 1,470. Mtu aliyekosa kwa namna hiyo huondoka akiwa na mambo mawili badala ya moja, na uso wake hauinami. Karibu kila kosa lina ukweli wa aina hii ukilitazama vizuri. Anayesema sayari ni tisa anakumbuka alichofundishwa kabla ya mwaka 2006, Pluto ilipoondolewa katika hesabu. Huyo hakukosea, ila hakupata habari.

Rufaa lazima ziwe na njia yake. Kwetu kila kikundi kinaweza kulipinga jibu mara moja katika kila duru, kwa kueleza sababu, na kama hatuwezi kuthibitisha palepale, swali lile hufutwa kwa vikundi vyote. Nimewahi kufuta swali nililolipenda sana kwa utaratibu huu, na sikujuta. Muuliza maswali anayeng'ang'ania daftari lake hugeuza mchezo kuwa mahakama, na hakuna jirani anayetoka nyumbani Jumamosi jioni kwenda mahakamani kwa hiari yake.

Fedha ziepukeni. Mwaka wa pili tulichangishana shilingi elfu mbili kila mtu ili mshindi azibebe zote, na ndani ya miezi miwili watu walikuwa wakihesabu alama za wenzao kuliko walivyosikiliza maswali. Siku hizi kikundi kilichoshinda hupata kilo ya sukari kwa kila mtu au miche ya parachichi, kutegemea aliyejitolea mwezi huo. Vikundi vikifungana, mimi huuliza swali moja la makadirio ambalo hakuna anayetarajiwa kulijua kwa hakika, na aliye karibu zaidi ndiye mshindi. Mwezi uliopita niliuliza urefu wa Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Tunakikuta kila asubuhi pembeni mwa Kibo, na bado kati ya watu wanane hakuna aliyeandika mita 5,149. Yule dereva wa daladala aliandika 5,100, akatoka na sukari yake.

Yule mzee wa ushirika nilikwenda kwake hatimaye, Jumapili moja baada ya ibada. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba alikuwa sahihi kuhusu Januari na mimi nilikuwa nimekosea kwa jibu na kwa namna nilivyomjibu, kisha nikamwomba kama angekubali kuyapitia maswali yangu kabla ya kila shindano. Aliniuliza kama nina penseli nyekundu. Sasa Alhamisi ya kila juma la shindano nampelekea daftari, nalo hurudi Ijumaa jioni likiwa na mistari yake: neno lililopigiwa mstari, mwaka uliowekewa alama ya kuuliza, mara nyingine swali zima limekatwa na pembeni ameandika "litawaudhi watu wa Kibosho". Amejinyima kushindana, kwa kuwa majibu ameyaona, lakini huketi karibu na ubao na ndiye anayejumlisha alama. Kwa mwezi huu amekata maswali matatu, nami nina hadi kesho jioni kutunga mengine.