Wale wafanyakazi waliingiaje katika picha?

SWALI: Mtoto wangu alinipeleka kwenye maonyesho. Nikaona wafanyakazi wa zamani, wasio na rangi, wamesimama mbele ya kiwanda cha leo kilichokufa. Baba yangu alifanya kazi mgodini miaka 31. Je, si kutudanganya huku? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Jambo Mama. Kwa maelezo yako, nafikiri uliona kazi ya msanii wa picha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa hapa Lubumbashi: mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006. Alichukua picha za enzi ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, akawatoa watu waliomo, akawabandika juu ya picha za rangi alizopiga mwenyewe kwenye mitambo iliyoliwa na kutu ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi. Mshono hakuuficha, Mama. Mwongo angewapaka rangi kidogo wafanane na ukuta nyuma yao. (Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikasirika, nikatoka nje kabla ya kumaliza chumba.)

Wala si yeye wa kwanza hapa mjini kusimulia historia yetu kwa picha. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, vita vya Katanga na kifo cha Lumumba vikiwemo, picha zaidi ya 100.

Bienale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ambayo kikundi cha wasanii kiitwacho Picha kiliyaanzisha mwaka 2008, huchanganya picha, video na sauti. Ikifika tena, nenda na baba kama bado yupo. Muulize mbele ya ukuta ule ule: pale palikuwa na nini?